Kliniki ya bingwa wa uchovu sugu: ndani wako vizuri, mlangoni ni balaa (nyota 3 kati ya 5)

Niseme mapema, hii rivyu ni ndefu na nimeiandika kwa siku tisa, vipande vipande, nimelala chali simu nimeishika juu ya uso, na mara mbili imeniangukia puani. Mkiona sentensi imeanza na jambo hili ikaishia kwingine mnisamehe, ndo ugonjwa wenyewe ulivyo. Kila mtu huingia chumbani akasahau amefuata nini, ila mi nasahau nikiwa bado naongea.

Jina la kliniki sitaji. Kliniki za namna hii ni chache sana, ukitaja tu jina watu washajua ni daktari gani na nesi gani, na hao wawili sina ugomvi nao kabisa, yaani nikipona ntawafuata niwashike mkono. Ugomvi wangu ni na huo mlango wa kuwafikia. Ni kliniki ya rufaa ya ule ugonjwa ambao kwenye faili huandikwa ME/CFS, sisi wengine tunasema uchovu sugu. Naumwa mwaka wa sita, kliniki hii nimekuwa nayo mwaka mmoja na miezi minne.

Kwa wale ambao hawaujui, hebu niwaeleze kidogo maana bila hapo malalamiko yangu yataonekana ya kudeka. Huu sio uchovu wa kulala ukaamka freshi. Unalala masaa kumi mazima unaamka kama uliyekesha unabeba mizigo. Halafu kuna kile ambacho ndo alama kuu ya ugonjwa, ukijituma kupita kiwango chako, iwe kwa mwili au hata kwa kuwaza tu, hauangukii palepale. Siku yenyewe unaweza ukawa vizuri tu hadi watu wanakusifia, balaa linakuja kesho yake au keshokutwa, koo linauma, misuli kama imepigwa, mwanga unachoma, maneno hayaji, na inaweza kuchukua siku au wiki kadhaa kurudi ulipokuwa, na wengine hawarudi. Sisi tunaita kuzimika. Sasa mtu wa namna hiyo ndo anaambiwa ajaze fomu, apige simu, asafiri, akae benchi. Mmeanza kuelewa naenda wapi.

Kufika kwenye kliniki yenyewe kulinichukua karibu miaka mitano na madaktari sita. Watano wa kwanza walinipima damu, na damu yangu jamani ni nzuri mpaka inakera. Mmoja aliniambia "damu yako nzuri kuliko yangu" akacheka, mi nikacheka pia, nikaenda kulia kwenye gari. Ugonjwa huu hadi leo hauna kipimo kimoja cha damu cha kuuthibitisha, daktari anautambua kwa historia na dalili huku akiondoa magonjwa mengine, kwa hiyo ukikutana na daktari anayeamini karatasi kuliko mtu umekwisha. Baadae nikaja kusoma ile ripoti kubwa ya Marekani ya 2015, ya Institute of Medicine, inakadiria kwamba kule kwao wagonjwa kati ya 836,000 na milioni 2.5 wana huu ugonjwa, na asilimia 84 mpaka 91 hawajawahi kuambiwa kwamba ndo wanaoumwa. Nilivyosoma hapo nikaacha kujilaumu kwamba sijui kujieleza.

Wa nne ndo alinimaliza. Huyo alinipa ratiba ya mazoezi ya kupandisha kidogo kidogo, wiki hii dakika tano, wiki ijayo dakika saba, ukijisikia vibaya usisimame, mwili umezoea uvivu tu. Na wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafuata kilichoandikwa. Kulikuwa na utafiti wa Uingereza uitwao PACE, wagonjwa 641, ulitoka kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2011 ukisema mazoezi ya kupandisha na ushauri wa kisaikolojia vinasaidia, ukasambaa dunia nzima. Wagonjwa wakapiga kelele miaka na miaka, data zikaja kutolewa 2016 baada ya kesi, waliozichambua upya wakaona matokeo ni madogo mno kuliko yalivyotangazwa. Mwaka 2021 NICE, wale wanaotoa miongozo ya tiba kule Uingereza, wakaandika wazi kwamba mgonjwa wa huu ugonjwa asipewe hayo mazoezi ya kupandisha kwa ratiba. Ila mi niliyapewa. Wiki ya sita nilishindwa kushika kijiko. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya kazi nusu siku, tokea hapo sijarudi. Wa sita ndo akasema "mama, hiki kinanizidi, nakuandikia rufaa", na kwa sentensi hiyo moja namheshimu kuliko wote watano.

Haya sasa kliniki yenyewe.

Ukishapata rufaa unatumiwa fomu. Kurasa 28. Za kujaza kwa mkono, zirudi ndani ya siku 14, la sivyo rufaa inafutwa. Nani alikaa chini akafikiria hivi? Wagonjwa wote wa kliniki hii wana shida ya kufikiri na kukumbuka, ndo sababu yenyewe ya kuja, halafu unawapa mtihani. Na maswali mengine ni ya ajabu, eti unaweza kutembea umbali gani. Leo au keshokutwa? Naweza kutembea mbali tu kama hunijali kesho. Hakuna hata swali moja kwenye kurasa 28 linalouliza baada ya kutembea ilikuwaje. Dada yangu ndo alinijazia, mi nimefumba macho namjibu ndio, hapana, ndio, sijui, tulitumia siku kumi na moja, na ukurasa wa 19 tuligombana mpaka akaenda nje kupunga upepo.

Halafu unasubiri. Miezi 11. Hapo katikati ukitaka kuuliza umefikia wapi kuna namba ya simu na inafanya kazi saa mbili mpaka saa nne asubuhi tu. Asubuhi! Wengi wetu asubuhi ndo muda ambao hata kugeuka kitandani ni mradi. Unapiga, sauti inakwambia wewe ni wa 17 kwenye foleni, inakuwekea muziki, na sio muziki wa kubembeleza ni tarumbeta, na kwa mtu ambaye sauti zinamchoma kama sindano hiyo ni adhabu. Nilipiga mara nne kwa miezi hiyo, mara mbili nilikata mwenyewe nikiwa wa tatu kwa sababu mkono ulishachoka kushika simu. Barua pepe ipo kumbe. Haijaandikwa popote kwenye karatasi zao, niliijua baadae kwa nesi.

Na hiyo ndo stori yangu yote na hii kliniki: vitu vingi vizuri wanavyo, ila lazima uviombe, na ili uombe lazima ujue vipo, na kuuliza kama vipo kunakula nguvu ambazo ungezitumia kujibu maswali ya daktari.

Mfano siku ya kwanza. Chumba cha kusubiria kina zile taa nyeupe za mirija, moja inapepesa, televisheni iko juu, viti vya plastiki vimefungwa pamoja kiasi kwamba jirani akicheka na wewe unatikisika. Mama mmoja wa makamo alikuwa amelala sakafuni kabisa, koti kalikunja kichwani, watu wanamruka. Mi nilikaa dakika 40 na miwani ya jua nikijishikilia nisilie. Akapita nesi, akatuangalia, akasema kwa upole tu "jamani mbona mko huku, kuna chumba cha kupumzika pale nyuma kina vitanda na giza, mngeomba tu". Mngeomba tu! Yule mama sakafuni alifungua jicho moja akaniangalia, hatukusema kitu lakini nadhani tulitukana kitu kimoja.

Ila huyo nesi ni malaika, nisimwonee. Alizima taa ya korido, akaja na kiti cha magurudumu bila kuuliza "kwani huwezi kutembea", na ndo aliyenipa barua pepe.

Sasa daktari. Hapa ndo nyota zote tatu zinatoka.

Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, nilikuwa na karatasi ya hoja kama naenda mahakamani. Swali lake la kwanza akaniuliza, "ulifanya nini tangu juzi ili uweze kuwa hapa leo?" Nikamwambia sijaoga siku tatu, sijaongea na mtu jana kutwa, dada kanivalisha. Akaandika. La pili, "na keshokutwa utakuwaje?" Hapo nikalia bila aibu maana kwa karibu miaka mitano hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu keshokutwa. Alinipa dakika 75, katikati akanilaza dakika kumi taa imezimwa na yeye akawa anaandika kimyakimya pembeni.

Halafu akafanya kipimo ambacho nikikumbuka nacheka kwa hasira, kwa sababu kinahitaji ukuta, saa na mashine ya presha, basi. Nililala kwanza wakachukua presha na mapigo ya moyo, yakawa 74. Nikasimama nimeegemea ukuta kwa mabega, visigino mbele kidogo, sitakiwi kutikisika wala kuongea, wanapima kila dakika kwa dakika kumi. Dakika ya pili mapigo yalikuwa 96. Ya tano 108, miguu imeanza kuwa ya zambarau. Ya nane yalifika 114 nikamwambia daktari naona nyota, akasema inatosha, nesi akanidaka. Kwa mtu mzima mapigo yakipanda 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama, na yakabaki huko bila presha kushuka sana, inaitwa POTS, na wagonjwa wengi wa uchovu sugu wanayo juu ya huo wenyewe. Mi yalipanda 40. Miaka karibu mitano nimepimwa presha mara ngapi sijui, zote nimekaa! Hakuna aliyewaza kunisimamisha.

Hiyo angalau ina cha kufanya. Maji mengi, chumvi zaidi (hii alisisitiza ni kwa mtu kama mimi asiye na presha ya kupanda, msianze kulamba chumvi kwa sababu mmesoma kwangu), soksi za kubana za mpaka kiunoni ambazo kuzivaa ni mieleka, na baadae dawa ya kutuliza mapigo. Sijapona. Ila naweza kukaa kitako saa nzima bila kichwa kuwa kama ngoma, na kwa mwenzenu hiyo saa ni kubwa.

Kuhusu uchovu sugu wenyewe alikuwa mkweli mpaka nikamwonea huruma. Alisema dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya ugonjwa huu hakuna. Akanitolea mfano wa rituximab, dawa iliyokuwa imewapa watu matumaini makubwa Norway, ilipojaribiwa kwa wagonjwa 151 majibu yakatoka 2019 kwamba haizidi dawa bandia. "Mimi kazi yangu ni kukuzuia usiporomoke na kutibu vile vinavyotibika vilivyo pembeni," alisema, "anayekuahidi zaidi ya hapo muulize anauza nini." Kwenye miadi ya juzijuzi akaniambia kuhusu utafiti wa vinasaba wa Uingereza uliotoa majibu 2025, wagonjwa zaidi ya 15,000, wamepata sehemu nane kwenye vinasaba zinazotofautiana na za watu wasio na ugonjwa huu, baadhi zinahusu kinga ya mwili na mfumo wa fahamu. Akasema sio tiba hiyo, bado sana, ila ni vigumu sasa mtu kusema ni uvivu. Nilimwomba aseme tena nirekodi nimtumie shangazi.

Kitu kikubwa alichonifundisha ni kujipimia nguvu, na sio ile ya "pumzika ukichoka" ambayo kila mtu anakwambia. Ukisubiri mpaka uchoke umeshachelewa. Unasimama kabla, ukiwa bado unajiona unaweza. Alinivalisha saa ya kupima mapigo, akaniambia nianze na kikomo cha mapigo yangu ya kupumzika nikiongeza 15, ikilia naacha ninachofanya nalala. Wiki ya kwanza ilikuwa inalia nikipiga mswaki. Nikipiga mswaki! Sasa hivi napiga nimekaa, naoga nimekaa, simu za watu napokea nimelala, na kuzimika kumepungua kutoka kila wiki mpaka kama mara moja kwa miezi miwili. Nilichojifunza pia ni kwamba kubishana kunapandisha mapigo kuliko ngazi, kwa hiyo kuna ndugu nimewaacha wawe sahihi.

Baada ya miadi hiyo ya kwanza nililipa siku 11 kitandani, chumba giza, dada ananinyanyua kichwa ninywe maji. Daktari alikuwa amenionya. Sasa fikiria, miadi bora kabisa ya maisha yangu ilinigharimu siku 11, na nusu yake ni ile taa inayopepesa na viti vya plastiki, sio daktari.

Miadi ya pili nikaenda tena mwenyewe. Ya tatu nikawaandikia barua pepe kwamba siwezi, ndo wakanijibu "unaweza kufanya kwa vidio kama unapenda". Tangu lini? Tangu kabla sijaanza kuja. Ila ya vidio ni tamu, dakika 20, kamera naruhusiwa kuzima, nikipotea katikati ya sentensi daktari ananingoja hanimalizii, na kesho yake nesi anatuma muhtasari wa ukurasa mmoja kwa maandishi makubwa. Barua ya kupeleka kazini waliiandika vizuri pia, haikusema "anajisikia amechoka", ilisema nikizidisha kiwango hali inakuwa mbaya na uharibifu unaweza kuwa wa kudumu. Bosi alisoma mara mbili kisha akaacha kunitumia zile video za watu walioshinda maradhi kwa kukimbia marathoni.

Sasa lile lililonifanya nikate nyota mbili. Mwezi wa tisa nilizimika vibaya, siku nne sikuweza kuongea, miadi ikapita. Wiki ijayo ikaja barua, ya mashine hata haina sahihi: kwa kuwa hukuhudhuria bila taarifa, umeondolewa kwenye orodha ya wagonjwa, rudi kwa daktari wako upate rufaa mpya. Kliniki ya watu wanaoshindwa kuamka inakufuta kwa kushindwa kuamka! Rufaa mpya maana yake ile fomu ya kurasa 28 tena na miezi 11 mingine. Dada alipiga simu asubuhi tatu mfululizo mpaka akampata yule nesi, na nesi akanirudisha ndani ya siku mbili, akaomba radhi kama vile ni yeye aliyeandika. Lakini mimi nina dada. Asiye na dada je?

Kuna binti mmoja tunaandikiana, yeye ujumbe mmoja anauandika kwa siku mbili. Yuko kitandani miaka mitatu, dirisha limezibwa, hata sauti ya hatua za mtu haivumilii. Ana rufaa ya kliniki hii hii. Wamemwambia miadi ya kwanza lazima aje mwenyewe, hiyo ya vidio ni kwa waliokwisha kuonwa. Ule mwongozo wa 2021, ambao daktari wetu mwenyewe anautaja kila mara, unasema wagonjwa mahututi wa namna hii wapewe nafasi ya kuonwa nyumbani. Na ile ripoti ya 2015 inasema angalau robo ya wagonjwa hufikia mahali hawatoki nyumbani au kitandani. Yaani robo ya watu ambao kliniki imejengwa kwa ajili yao hawawezi kuifikia, na wale wanaoonekana pale kwenye viti vya plastiki, mimi nikiwemo, ndo wenye afya yetu. Nilimuuliza daktari kuhusu hilo, akanyamaza kidogo, akasema ameandika barua kwa uongozi mara tatu, yuko peke yake na nesi mmoja.

Kama umepata rufaa ya sehemu kama hii, basi omba kila kitu hata kama unajisikia mjinga: barua pepe, chumba cha giza, vidio, muda wa mchana, mtu wa kukujazia fomu, na waandike kwenye faili kwamba ukikosa miadi ni ugonjwa sio dharau. Omba upimwe umesimama. Nenda na mtu anayejua siku zako mbaya, kwa sababu siku ya miadi utaonekana mzima, wote tunaonekana wazima siku hiyo, na huyo ndo atasema kuhusu keshokutwa.

Daktari na nesi nyota tano, mapokezi moja, jumla nimeweka tatu. Ya nne ntaiongeza siku huyo binti akionwa, akiwa kitandani kwake.